Mama Danieri na Wafu wa Kwenye Filamu

Mchungaji, wazee wa pande zote mbili, majirani mliotoka Bwera na mliotoka Kasese, jamaa zetu Waislamu mliofunga maduka ili mje kusimama nasi hapa Munkunyu, familia inawasalimu na inawaomba mtulie, kwa maana tangu asubuhi mmekuwa mkinong'ona, mkichungulia kule nyuma ya migomba, mkiona mashimo mawili yamechimbwa na jeneza liko moja. Wengine mmeuliza ni nani mwingine amekufa, wengine mmesema wachimbaji walilewa. Hawakulewa. Jibu limo ndani ya historia hii, na Semu Niwagaba, mdogo wake marehemu, aliyepewa kazi ya kuisoma, hatalitoa kabla ya wakati wake, kwa sababu marehemu mwenyewe alimchukia sana mtu wa kutoboa mwisho wa filamu kabla wenzake hawajaiona.

Marehemu Eseri Kukunda alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, katika kambi ya wachimba shaba kule Kilembe, akiwa mtoto wa pili wa mzee Yokana Tukamushaba, aliyetoka Kabale kuja kutafuta kazi ya mgodini, na kwa kuwa kambini walichanganyika watu wa kila kabila, lugha aliyochezea ilikuwa Kiswahili cha kambi, ambacho hakikumwomba mtu sarufi, wala hakukiacha mpaka anaingia kaburini.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Kilembe mwaka 1968, akamaliza darasa la saba mwaka 1974, na hakuendelea, kwa sababu mzee alisema wavulana kwanza, neno ambalo Semu, aliyeendelea yeye, analisoma leo bila raha yoyote. Ila elimu yake nyingine aliipata Jumamosi, wakati wafanyakazi walipotundika shuka jeupe ukutani na kuonyesha filamu, na siku moja mwaka 1970, mtoto wa miaka tisa, aliona askari wa mlangoni akipigwa risasi na shujaa akapita juu yake kama anaruka mtaro, akasimama katikati ya watu akauliza kwa sauti, "Baba, ile askari ya mulango, nani nataenda kuambia mama yake?" Kambi nzima ilicheka mpaka wakashindwa kusikia filamu, mzee akamvuta mkono akae, lakini jibu hakupewa, na wote mliomjua mnajua kwamba Eseri akiuliza jambo asijibiwe hakuwa na dogo, ataliuliza mpaka uhame.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa hapo Kasese na Kilama, mtoto wa mchimba mgodi aliyetoka Gulu, ambaye alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Hima, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kobusingye, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1984, na Danieri, aliyezaliwa tarehe 27 Septemba 1987. Kilama alipoacha kazi ya saruji mwaka 2003, kifua kikiwa kimemchosha, walinunua shamba hili la Munkunyu, wakapanga nyumba Bwera, na marehemu akaanza kupika chai na chapati karibu na soko la mpakani, ukuta kwa ukuta na kibanda cha video cha Hamim. Kilama alifariki tarehe 2 Februari 2009 akazikwa hapa mnapopaona, akasomewa historia yake yote, kuzaliwa mpaka kufa, na marehemu aliisikiliza ameinua kidole, akihesabu hatua zote zisirukwe.

Katika kikao cha familia wako waliosema habari za filamu hazifai kusomwa mbele ya Mchungaji. Semu aliwajibu kwamba ukitoa filamu kwenye maisha ya Eseri Kukunda utabaki na chapati, nazo chapati zake, tuseme ukweli, hazikuwa za kusomewa watu.

Kazi yake hasa ilikuwa kutoa maoni. Vijana walitoka kwa Hamim macho mekundu, wakaagiza chai, naye aliyeitazama filamu kupitia mlango akisukuma unga aliwaambia alivyoiona, kwamba yule mwanamke wa filamu ya Kihindi ameimba mvua nzima na nguo hazijaanuliwa, kwamba tajiri wa filamu ya Kinaijeria ana nyumba ya vyumba kumi na hakuna hata mgeni mmoja aliyepewa maji, na mwishoni lazima arudi kwa wale wafu. Wamekufa watu wangapi? Nani amewazika? Danieri, ambaye alikuwa fundi wa magari na alisafiri na malori ya mzee wetu Zubairi kwenda Butembo, Congo, na kurudi ili yakiharibika njiani ayatengeneze, alipokuwa nyumbani alikaa kwenye benchi lile na kumchokoza mama yake, akisema, "Mama, bale beko banalipwa, kesho banaamuka banaenda kazi." Mama akamjibu kwamba hata kama wanalipwa, ile hadithi haikulipa mtu yeyote amlilie. Walibishana hivyo miaka mingi, na hakuna aliyetaka kushinda, kwa sababu ndiyo ilikuwa njia yao ya kukaa pamoja.

Ijumaa tarehe 22 Mei 2015, siku ya soko, filamu ya wanajeshi ikiwa katikati, lori likapiga honi, Danieri akameza chai amesimama, akamwambia mama yake, "Mama, tutamaliza hii maneno nikirudi," akavuka mpaka. Jumapili dereva alirudi Kasindi, ng'ambo ya mpaka, kwa miguu bila viatu, akasema gari limeshambuliwa na watu wenye silaha, yeye aliruka upande wa kulia akaingia msituni, na hajui Danieri aliruka upande gani.

Mzee Zubairi, ambaye amekaa pale mbele na ambaye familia haina neno lolote juu yake isipokuwa shukrani, alikwenda mwenyewe, akalikuta gari, akarudi, akakaa kwenye benchi la Danieri na kusema, "Mama, mwili hatukuona. Lakini gari niliona. Ndani ya gari ile hakuna mutu anatoka." Marehemu akamtazama. "Dereva alitoka," akasema.

Tangu siku ile dada yetu hakupata tena mahali pa kuweka mwili wake. Alikuwa Kasindi asubuhi na Kasese jioni, aliulizia kwenye vyumba vya maiti, aliulizia kwenye makanisa ya wakimbizi, na mwaka 2016 mtu alipomwambia kwamba Kahendero, ziwani, kuna fundi wa injini za mitumbwi aliyetoka Congo na ana kovu mkononi kama la Danieri, alipanda bodaboda bila hata kufunika unga, akafika, akamkuta fundi, kovu lipo, mtu siye. Alikula samaki na yule kijana, akamuuliza kama mama yake anajua aliko, akamlazimisha apige simu mbele yake, ndipo akarudi. Zubairi na mkewe Halimah walitaka kusoma dua, Mchungaji alitaka kufanya ibada, wazee wa Kilama walileta ujumbe kutoka Gulu kwamba mtu huyo aagwe ili nyumba ipumue, na wote aliwakatalia katakata, kwa sababu alisema matanga yana historia, na historia ina tarehe ya kufa, na nani kati yenu anayo hiyo tarehe? Hatukuwa nayo.

Na kwenye filamu mambo yakawa mazito. Chapati zikaanza kuungua. Alisimama mlangoni mwa kibanda, mtu wa filamu akianguka aliuliza papo hapo, risasi hazijanyamaza, huyu aliyeanguka darajani ni mtoto wa nani, na wateja wakalalamika, na Hamim akamwambia kwa upole, "Mama Danieri, ile mutu haikufa, iko kwao nakunywa chai." Hakusikia. Ndipo Hamim, Mungu ambariki, akabuni dawa yake, kwamba filamu ikiisha, kabla ya kuweka nyingine, jenereta linazimwa na Mama Danieri anaruhusiwa kuchagua maiti mmoja, na vijana watamsomea historia. Walianza kwa mzaha. Wa daraja alizaliwa Kisinga mwaka fulani, akasoma mpaka la tano, akauza pamba, akaoa, ameacha mjane na mbuzi wawili, na marehemu akiwa mkali kama mwalimu akawarudisha nyuma, "Hamujasema baba yake!" Vijana wa Bwera mliojaa hapa leo, ninyi mmewazika maharamia, wapishi wa mfalme, walinzi wa benki, na wachawi wasiopungua sita, na wengi wenu hapo ndipo mlipojifunza kusema hadharani.

Ila siku moja mwaka 2017 kijana mmoja, ambaye hakuwa mwenyeji na hakujua, alipoombwa jina la dereva aliyeungua ndani ya gari kwenye filamu, akasema, "Huyu tumuite Danieri." Marehemu aliokota sufuria zake moja moja, akaondoka, na hakuonekana pale kwa muda mrefu. Watu walidhani amekasirika. Hakukasirika, aliogopa, na kumwambia dada yetu kwamba anaogopa kulihitaji ujasiri ambao hakuna kati yetu aliyekuwa nao.

Mwezi Aprili mwaka huu wa 2018 alianza kulalamika tumbo, akapungua mwili, na tarehe 11 Juni akalazwa kwenye hospitali ya misheni Kisinga, ambako waganga walikuta kwamba ini limeharibika na hakuna cha kukata wala kuunga. Hata wodini hakutulia, alishuka kitandani, akahesabu wagonjwa, akawauliza majina ya mama zao. Kobusingye akawa anamwekea filamu kwenye simu ili angalau alale chali, na wauguzi walizoea kupita kuuliza leo Mama ameionaje.

Mwishoni mwa Julai aliwekewa filamu ambayo hakuna kati yetu anayekumbuka ilitoka nchi gani. Mvuvi amepotea majini, mwili haukupatikana, na watu wa kijiji wamechukua shati lake, wamelikunja, wameliweka kwenye shimo la kipimo cha mtu, wamefukia na wamelia kama inavyopasa. Kobusingye akadhani mama amesinzia, akataka kuzima. Mama akasema, "Acha. Hii bamefanya muzuri." Katika miaka yote ile, filamu hiyo moja ndiyo aliyoisifu.

Kesho yake alimwita Semu, akamtuma Bwera alete ovaroli la Danieri lenye grisi, ambalo lilining'inia nyuma ya mlango tangu 2015 na hakuna aliyethubutu kulifua. Alilipapasa mifuko, akakuta kipande cha waya, akakirudisha palepale. Akasema, "Semu, siku yangu ikifika, munisomee mimi, kisha musome na yake. Tarehe ya kufa muandike ile yangu. Mupaka siku ile, iko mutu alikuwa namungojea." Semu, ambaye ni mtu mzima mwenye wajukuu, alitoka nje akashika nguzo ya baraza.

Kikao cha familia kiligombana juu ya jambo hili, tusifichane. Wako waliosema nguo haizikwi, wako waliosema tarehe ya uongo ni dhambi, na mwisho akasimama mzee wa upande wa Kilama, aliyesafiri kutoka Gulu na hajalala, akasema kwamba mtu hafi mpaka mama yake amwachilie, chimbeni. Ndiyo sababu ya shimo la pili.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 14 Agosti 2018, saa nne asubuhi, akiwa na binti yake na mdogo wake. Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Kisinga waliomvumilia, mzee Zubairi na Halimah walioleta gari na chakula, Hamim aliyefunga kibanda tangu Jumanne, wanawake wa sokoni, majirani wa Bwera na wa Munkunyu, na Mchungaji aliyekubali kuombea mashimo mawili. Ameacha mtoto mmoja, wajukuu wanne, na benchi.

Sasa tunaomba msimame, kwa sababu historia ya pili ni fupi na mwenyewe amengoja sana.

Marehemu Danieri Kilama alizaliwa tarehe 27 Septemba 1987 huko Hima, mtoto wa pili wa Kilama na Eseri Kukunda. Alisoma shule ya msingi Kasese, akasoma ufundi wa magari, akamaliza mwaka 2006. Alifanya kazi na malori ya mzee Zubairi, na hakuna lori aliloliacha njiani. Hakuoa, ingawa alikuwa amemtaja msichana mmoja wa Kisinga, na msichana huyo yuko hapa, tunamshukuru kwa kuja. Hakuugua. Alipenda filamu za vita, na alibishana na mama yake kwamba wale wanaoanguka huamka kesho yake wakaenda kazini, maneno aliyosema watayamaliza akirudi. Amefariki Jumanne tarehe 14 Agosti 2018, saa nne asubuhi, siku moja na saa moja na mama yake, aliyekuwa wa mwisho kumngojea.

Baba yake ametajwa. Shule imetajwa. Hakuna hatua iliyorukwa, dada.

Eseri, Danieri, kamalizeni maneno yenu. Pumzikeni kwa amani.