Dijenereshen Ilivyonitoa Shambani

Bwana asifiwe sana! Ninyi kaeni tu, ndugu zangu. Mimi nikikaa kwenye mabenchi haya, wa kunivuta nisimame atatoka wapi?

Mnanijua, ni yule mbeba kabichi wa Lukozi. Shule niliishia darasa la sita, tulichokana. Mgongo ukaanza kuuma, nikaenda hospitali, nikapigwa picha. Daktari akasema, "Baba, hii ni dijenereshen." Nikamuuliza hilo ni dude gani. Akasema pingili za mgongo zinachakaa kidogo kidogo, na iliyochakaa hairudi kuwa mpya.

Ndugu zangu, nilitoka pale nimeshakufa! Neno lenyewe nikalitia kila mahali. Jembe likilegea mpini, dijenereshen. Chai ikipoa, dijenereshen. Watu wanacheka, ndani yangu hakukaliki! Nikiamka najipapasa: leo imechakaa ipi? Nainama, nainuka, naenda barabarani, narudi, naenda tena. Na matuta ya shamba nikaacha kuyatengeneza. Ya nini, na mwenyewe naisha?

Masika ikaja. Tuta la juu likakatika, udongo wote ukafukia kabichi za jirani. Nikakaa kwenye tope nalia, mwanaume na ndevu zangu! Mke wangu akaja na jembe.

"Baba Neema, mlima huu haujaanza leo kushuka. Babu zako waliuhama?"

"Hawakuhama."

"Walifanyaje?"

"Walipandisha udongo."

"Mara moja ukakaa?"

"Aa, kila mwaka."

"Haya, inuka."

"Mama Neema, mgongo!"

"Nani kakupa jembe? Jembe langu. Wewe panda majani ya ng'ombe hapo ukingoni, tuta lishike. Panda umekaa, si unapenda kukaa?"

Nikapanda. Na hapo hapo kwenye tope nikaomba: Bwana, mgongo utaujua wewe, mimi niondolee hii hofu. Ikaondoka, ndugu zangu! Haleluya!

Mgongo bado unauma, siwezi kudanganya mbele ya madhabahu. Mizigo nimeacha, mazoezi ya daktari nafanya, kuku wananishangaa. Ile dijenereshen ina kazi yake, na mimi nina yangu. Tuta limeshika. Viazi vimeota.

Nakushukuru, Yesu! Na wewe uliyepewa neno zito hospitali, ukaliachia jembe kabla hata mwili haujaliachia, mtegemee Bwana. Njoo hapa mbele tuombe. Tangulia tu, mimi nazishuka hizi ngazi polepole. Nakuja.