Athanase Kamate, Aliyechunga Maneno ya Watu wa Aveba

Ndugu na majirani, mimi ni Arielle, binti yake wa kwanza. Familia imenituma nisome maisha ya baba, na nitasoma yote, hata yale ambayo wengine wenu wangependa niyaruke.

Athanase Kamate alizaliwa Butembo tarehe 14 mwezi wa tatu 1958. Alisoma hukohuko mpaka mwaka wa nne wa sekondari, akaacha baba yake alipofariki. Mwaka 1979 alifika Aveba na mzigo wa chumvi na majembe, na baadaye akauza dawa za ng'ombe.

Ndoa yake na mama Denise ilibarikiwa Aveba tarehe 6 mwezi wa nane 1983. Jamaa ya mama ni wafugaji wa kabila lingine, na baba, mtoto wa mji, aliwaogopa ng'ombe vibaya sana. Siku ya kupeleka mahari alishikishwa kamba, ng'ombe akamburuta kwenye matope na suti yake mpya. Laurent, mdogo wa mama, alimwinua huku akicheka: "Shemeji, weye unaoa dada yangu ao unaoa huyu ng'ombe?" Baba alisimulia hiyo habari mpaka uzeeni.

Mwaka 2003 vita vilituleta hapa Shari. Watu wa Aveba walitawanyika, kila upande na wafu wake na hasira zake. Mwaka 2016 baba alifungua grupu ya WhatsApp ya watu wote wa Aveba, bila kuuliza kabila. Ukimtukana mtu, alikutoa. Ili urudi, ulipaswa kwenda mpaka mlangoni kwa uliyemtukana, mrekodi audio moja, sauti zenu wawili zisikike. Watu walinung'unika: "Muzee Kamate anajifanya tribinale, anatuhukumu!" Lakini walienda. Hata mchungaji alitolewa, na akaenda.

Mwezi wa sita 2018 baba alilazwa na malaria, simu imezimika. Asubuhi ng'ombe wa jirani walikosekana zizini, na mtu mmoja akaandika grupuni kwamba kijana Elysée ndiye aliyewaonyesha wezi njia ya zizi. Aliweka jina na mahali nyumba ilipo. Mchana Elysée aliuawa kwa panga mbele ya mama yake. Ng'ombe wale walikutwa baadaye ng'ambo ya mto, walikuwa wamepotea tu. Baba alipowasha simu jioni alilia kama mtoto. Tangu siku hiyo hakuizima tena. Alikula nayo, alisali nayo, na usingizi ukamkimbia.

Ugonjwa wa tension, presha ya damu, aliokuwa nao tangu 2011 ulizidi, figo zikachoka. Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 12 mwezi wa pili 2019, saa tisa mchana, mikononi mwa mama. Daktari alitueleza watoto wote tukiwa tumesimama pale: ni figo.

Ameacha mjane wake Denise, watoto watatu, Arielle, Félicien na Viviane, wajukuu saba, na shemeji yake Laurent.

Karatasi mliyo nayo inaishia hapo. Yanayofuata nayasema kwa mdomo. Kabla hatujafikisha mwili nyumbani, mtu alishaandika grupuni kwamba Laurent alimpa baba sumu, kwa sababu ya kabila. Jamani! Chakula alicholeta Laurent hospitalini tulikula wote, mama alikula, mimi nilikula. Kwa simu ya baba nimemtoa aliyeandika ujumbe huo, lakini mlishausoma, na jana vijana walikuwa wanauliza Laurent analala wapi. Aibu gani hii? Baba alimaliza nguvu zake kuzuia neno kama hilo, na siye tunataka kumzika nalo.

Mnaona Laurent amesimama wapi. Yuko kule barabarani karibu na pikipiki, anaogopa kuingia kwenye mazishi ya mtu aliyemwita ndugu. Baba aliomba Laurent ndiye atupe udongo wa kwanza. Sanduku halitashuka mpaka afike hapa mbele. Félicien, nenda umushike mukono, umulete. Nyinyi wengine, fungueni njia.

Akifika, ndipo tutamwomba Mungu ampumzishe baba kwa amani.