Buthaina wa Darsait na Kitabu cha Rafu ya Wanaume

Wasikilizaji wapendwa, mwenye kazi mkononi aendelee nayo, ila masikio yawe huku kidogo.

Leo tunamkumbuka Buthaina binti Majid. Buthaina binti Majid, wa mtaa wa Darsait, aliyefariki na miaka ishirini na mmoja. Sikoseli, maradhi ya damu, ilimwanza utotoni, na ndiyo iliyomchukua.

Mama yake alitangulia zamani. Aliyemlea ni bibi yake, Bi Mahfoudha. Viungo vikimuuma, bibi alimkanda, na Buthaina alilipa kwa hadithi. Alipenda katuni za Kijapani, vile vitabu vya picha viitwavyo manga. Maneno yake ni ya Kiingereza, lakini vitabu vyenyewe hufunguliwa kutoka kulia, kama vya Kiarabu. Buthaina alisoma, akamsimulia bibi kwa Kiswahili, picha baada ya picha.

"Bibi, usilale. Fundi anavua viatu."

"Silali. Nnangoja avivue. Toka jana anavua."

Vitabu alivikodi kwa Ruba, mwenye duka hapohapo Darsait. Ruba kavipanga rafu nne, kila kitabu na kibandiko chake: wavulana, wasichana, wanaume wazima, wanawake wazima. Buthaina akichukua popote.

Mara ya mwisho alipolazwa, alikwenda na kitabu cha rafu ya wanaume wazima. Kilikuwa cha fundi cherehani na binti yake mgonjwa, katika mji wa theluji. Bi Mahfoudha alikaa kwenye kiti cha hospitali, akisikiliza. Nje joto linaunguza vioo, ndani wao wamo thelujini.

Ndipo akaingia Majid, baba mtu, katoka kazini Qurum. Akakitwaa kitabu, akakifungua kushoto, kama kitabu chochote cha Kiingereza. Kwa hivyo alichokiona kwanza ni mwisho. Picha ya mwanamume kamwinamia msichana kitandani, mikono imo nyweleni. Akatazama kibandiko: wanaume wazima. Akakifunga.

"Baba, umekifungua sivyo," Buthaina alisema. "Anzia kulia."

"Mimi nasoma Kiingereza kabla wewe hujazaliwa."

Bi Mahfoudha akasema, "Majid, mna baba na mwanawe tu humo. Ananihadithia mie kila siku."

"Mama, wenyewe wameandika ni cha nani. Hiki si chake."

Akakirudisha dukani. Kesho yake akamletea vya rafu ya wasichana, vipya, vya mapenzi ya skuli. Buthaina alimshukuru, akavilaza juu ya kabati. Hakukifungua hata kimoja. Bibi alipomuuliza, "Yule binti wa fundi alipona?" alijibu, "Sijui, Bibi. Sikufika." Wiki ile haikwisha. Buthaina akafariki.

Siku ya pili ya matanga Ruba alikuja, kitabu kiko ndani ya abaya. Utepe aliouweka Buthaina pale alipofika ulikuwa bado umo katikati. Bi Mahfoudha akangoja wageni wapungue, akamwita mwanawe, na Ruba akamweleza mlangoni, kwa upole.

"Ami Majid, kule Japani hadithi hizi hutoka kwanza kwenye magazeti, na kila gazeti lina wanunuzi wake. Kibandiko kinasema gazeti lilikuwa la nani. Hakisemi ndani mna nini. Mimi naweka vibandiko mtu ajue aanzie wapi, na watoto wadogo wasiangukie kwenye hadithi za damu."

Bi Mahfoudha akampa Majid kitabu.

"Nisomee. Anzia penye utepe."

Akasoma, akigeuza maneno kwa Kiswahili cha nyumbani. Fundi kafunga duka. Fundi kachemsha maji. Akafika kwenye ile picha. Fundi alikuwa akimwosha nywele binti yake, kwa kuwa mikono ya mtoto haikuweza tena kunyanyuka. Majid akakishusha kitabu.

"Endelea, baba," mama yake alisema. "Yeye hakufika hapo."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Majid, tunampa pole Bi Mahfoudha, na wote wa Darsait waliomjua Buthaina. Mola amlaze pema. Ruba bado ana rafu nne, na vibandiko havikubanduliwa. Vinamsaidia mgeni wa duka. Buthaina hakuwa mgeni. Basi leo, kabla hujamtoa mtu kitabu mkononi, kaa naye kidogo, umuulize amefika wapi.