Maharage ya Mzee Stipan

Basi la mji wa Vinkovci lilipoondoka hospitalini, mzee Stipan aliona bendeji mkononi mwa mama aliyeketi kando yake, akacheka. "Kumbe na wewe bibie figo zimechoka, unasafishwa damu!"

Mama huyo, Ljubica, akakubali. Moyo wake, akasimulia, ulikuwa ukirukaruka kila akitoka kwenye mashine, mpaka daktari alipobadilisha maji ya kusafishia damu, yasiivute kwa pupa potasiamu, yale madini yanayoendesha mapigo ya moyo. "Sasa umetulia. Ila maharage na viazi, vilivyojaa potasiamu, ndiyo basi tena."

"Yangu yasiguswe! Nikikosa maharage, naishi ili iweje?"

"Na moyo ukigoma, utayala kaburini?"

"Wangu mzima," alijibu Stipan. Hakusema ulivyomruka juzi akifunga viatu.

Basi likasimama kijijini kwake. Akainuka, akashika kiti, akangoja kidogo.

"Huyo daktari wako," akauliza bila kumtazama, "yuko zamu lini?"