Mbegu Nyekundu Nilizowapa Watoto

Wazazi wenzangu, kabla hamjainua mikono kuichagulia chekechea yetu programu ya kompyuta, nipeni nafasi. Naona mmeipenda ile yenye rangi nyingi na muziki. Mimi nami niliwahi kupenda rangi, na mtoto akafa. Msinong'one, nasema kweli.

Enzi za Ujamaa nilikuwa mwalimu wa chekechea katika kijiji kipya upande wa Goweko. Akina mama wako kwenye tumbaku, shamba la kijiji, mimi nimebaki na watoto wao. Vitabu hakuna, chaki ya kuomba. Tukasikia wakubwa wa wilaya watatutembelea, nikataka waone maajabu. Nikachuma zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, tipitipi, nikazitoboa kwa waya wa moto, nikatunga mashada ya kuhesabia. Bibi mmoja jirani akaniambia, "Mwalimu, hizo hatuwapi watoto. Tumia mahindi." Nikamcheka mbele za watu. "Bibi, mahindi wape kuku. Hapa tunajenga taifa."

Wageni wakaja, wakapiga makofi, kichwa kikanivimba. Wiki ileile uzi wa shada moja ukakatika. Binti wa miaka minne akaziokota mbegu, akazitafuna. Alitapika, akaharisha damu. Siku ya tatu tukamzika.

 

Ndugu zangu, kijiji hakikunipiga. Nikifika kisimani, wanawake wanabeba ndoo zao zikiwa nusu wanaondoka. Watoto wakaniita Mama Sumu. Mwenyekiti wa kijiji akasema chekechea haifungwi, mwalimu mwingine hayupo, kwa hiyo kila asubuhi nilikaa pale na mikeka mitupu. Nikaanza kunywa gongo. Naam, mimi huyu mnayeniamkia shikamoo.

Asubuhi moja mama wa marehemu akaja, amemshika mkono mwanawe wa pili, asiyeona vizuri. Nikapiga magoti.

"Inuka," akasema. "Sikuja kuangalia magoti yako. Nimekuletea huyu. Na huyu ukimuua, sina mwingine."

"Sasa mama, kwa nini unamleta kwangu?"

"Kuna mwalimu mwingine hapa?"

Yule mama akakaa mkekani. Palikuwa na kikapu cha mahindi, alichokileta yule bibi jirani. Akatafuna punje, akameza, akangoja. Vijiti akaving'ata. Udongo wa kufinyangia akaulamba. Halafu akafumba macho, akapapasa kitu kimoja kimoja, ajue kama mwanawe ataweza kukihesabu kwa vidole. Vilivyomchanganya akavitupa nje. Ndipo akaenda shamba.

Kesho yake akaja tena, akaonja tena. Msimu mzima! Nilimchukia, nawaambia ukweli. Mpaka nikaanza kuonja mwenyewe kabla hajafika. Gongo nikaiacha, maana mdomo uliolewa hauonji kitu. Watoto wengine wakarudi mmoja mmoja, na yule asiyeona vizuri akajua kuhesabu kuwapita wote.

Namshukuru bibi niliyemcheka. Namshukuru zaidi yule mama. Msidhani alinisamehe. Miaka yote aliniita "Mwalimu" tu, na alipofariki akaacha usia nisitie udongo kaburini mwake. Nilisimama barabarani mpaka wakamaliza.

Basi hii programu yenu. Nani ameketi nayo? Nani amebonyeza kila kitufe, akaona inamfungulia mtoto matangazo gani, na kama inamuuliza jina lake na anakoishi? Tuna watoto wawili hapa wasioona vizuri. Nani amefumba macho akajaribu kuitumia? Aliyeileta anasema ni nzuri. Hata mimi nilipigiwa makofi.

Msiinue mikono bado. Iwasheni kompyuta, nianze mimi kuonja.