Namba Iliyoganda kwenye Mchezo wa Poni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkurugenzi wa chuo hiki cha kompyuta, Mwalimu Severino na walimu wenzako, Baba Paroko uliyewahi kufika kwa sababu umesikia kuna chakula, ndugu wageni waalikwa, wazazi wenzangu wa Hai Mauna, na nyinyi wahitimu mnaotafuna pipi mbele ya wakubwa: hamjambo?

Sijasikia. Hamjambo? Sasa ndiyo.

Mimi ni Natalina, haboba wa Poni, yaani bibi mzaa mama yake. Nimepewa dakika tano niseme kwa niaba ya wazazi. Shule niliishia darasa la tatu, na Kiswahili changu nilikiokota ukimbizini Uganda, sokoni. Anayetaka kunisahihisha akasubiri nje na madereva.

Vyeti kumi na moja viko mezani. Cha kumi na mbili, cha Poni, Mwalimu Severino amekifunga kwenye bahasha. Kwa nini? Nitasema mwenyewe, maana aliyemchongea ni mimi.

Poni alitengeneza mchezo. Hupakui kitu, unaufungua kwenye brausa ya simu, basi: bodaboda inatoka Custom kwenda Hai Jalaba, hapa hapa Juba, ukigusa kioo inaruka shimo. Mashimo hayo kiuno changu kinayajua yote. Juu pembeni kuna namba ndogo. Nikauliza, "Hii nini?" Akasema, "Haboba, mchezo ni picha nyingi zinazochorwa mbiombio. Namba inaonyesha ni picha ngapi kwa sekunde moja. Sitini ni safi kabisa."

Nikacheza. Nikagusa, bodaboda ikatumbukia. Nikagusa mapema, ikatumbukia. Inakwenda kwa kushtukashtuka kama mlevi anayepanda ngazi, na namba pale juu imekaa sitini, haipepesi jicho!

Ndugu zangu, mimi nadarizi milaya, yale mashuka ya maua ambayo bibi harusi wa Juba asipotandika, mashemeji wanasema mpaka kesho. Uzi ukipita karibukaribu, ua linasimama. Ukirushwa mbalimbali, ua linakuwa kuku aliyenyonyolewa. Nani ataniambia mishono ni sitini wakati naona kumi? Nikamwambia, "Poni, kitu kinachopimwa hupanda na kushuka. Hii haihesabu. Umeichora."

Akaangalia miguu yake. Kumbe kwenye kompyuta ya chuo ilisoma sitini ya kweli, lakini kwenye simu yangu ilisoma kumi na moja. Akaona aibu, akaandika sitini kwa mkono wake. "Haboba, wenzangu wote wanaonyesha sitini!" Nikamuuliza, wote ni wajukuu wangu? Mwaka jana, mwezi wa saba, tulilala siku nne chini ya vitanda, risasi zinapita juu ya bati, na watu wanatupigia simu kutuambia hali ni shwari. Na wewe unaniletea shwari nyingine ndani ya simu yangu?

Nikamburuta mpaka kwa Mwalimu Severino. Mwalimu hakupiga kelele. Alisema cheti kitakaa kwenye bahasha mpaka simu mbovu kuliko zote za familia zetu isome wastani wa ishirini na tano kwa dakika nzima, namba ya kweli, mbele ya watu. Simu mbovu kuliko zote ni ya nani? Msicheke.

Wiki tatu Poni alipunguza michoro ili simu isilemewe. Alifuta vivuli, akafuta moshi, akafuta mawingu. Na hili ndilo lililonifurahisha: hata kile kibao cha namba kilikuwa kinakula nguvu! Kila picha ikichorwa, nacho kinaandikwa upya. Ni kama mteja anayenisimamia mgongoni kila mshono, "Mama, umefika wa ngapi?" Nitashona saa ngapi? Sasa kinahesabu kimyakimya, kinasema mara moja tu kwa sekunde.

Haya. Simu hii hapa, ina ufa na nyimbo za kwaya mia mbili. Mheshimiwa mgeni rasmi, cheza wewe, kwa sababu wewe si ndugu yetu. Gusa. Usigonge kama muhuri, gusa! Mwalimu, soma kwa sauti.

Thelathini na moja. Ishirini na tisa. Haya, mbuzi wa mchezo wamejaa barabarani, kazi ya kuchora imeongezeka, sasa tuone. Ishirini na mbili. Nani huyo anaguna? Nyamaza! Poni angeweza kuwafuta mbuzi leo. Aliwaacha, kwa sababu Juba ina mbuzi. Ishirini na nne. Ishirini na nane. Thelathini. Ruka, Mheshimiwa, ruka!

Dakika imekwisha? Wastani ngapi, Mwalimu? Rudia, Baba Paroko hasikii vizuri upande huu.

Ishirini na saba!

Fungua bahasha. Na wewe Poni, toka nyuma ya joho la mwenzako, njoo mbele, futa machozi. Cheti hakipokelewi kwa mkono wenye kamasi.

Walimu, Mungu awape nguvu na mafuta ya jenereta. Nyote mliovumilia mdomo wangu, nasema asanteni kwa kunisikiliza. Pigeni vigelegele.