Niko na Wafu

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la simu, si mbali na soko la mifugo la Garissa. Kila alasiri, watu wakishatoka msikitini, Fosia hupanga vikombe vyake na themosi mbili za kahawa ya tangawizi, nasi tunaanza kubomoa dunia na kuijenga upya. Gelle tunamwita Wakili, ingawa mahakamani alifika mara moja tu, tena kama shahidi wa ngamia. Diriye ni Kilomita, dereva wa lori aliyestaafu. Mimi ndimi Bara, kwa kuwa nilitoka Kitui, na ni kwa ajili yangu wanazungumza Kiswahili. Nikienda kujisaidia tu, benchi lote linarudi kwenye Kisomali. Alhamisi hiyo tulikuwa tunabishania sauti ya sekunde ishirini iliyoingia kwenye simu yangu kutoka Lafey.

Aliyeituma ni Mwalimu Guleid, mdogo wake Fosia. Guleid alichunga mbuzi kule Buna, akaokota kitabu cha hadithi cha Kiingereza kilichodondoka kwenye lori, kurasa za mwisho zimeng'oka. Alikisoma mpaka kikamfundisha lugha. Akawa mwalimu wa kujitolea, akaenda chuo, akaajiriwa, akafundisha Wajir, kisha shule moja nje ya Lafey ambako walimu wa kutoka mbali walikuwa wamehama. Mbinu yake haijabadilika: anawasomea watoto hadithi, lakini mwisho hausomi. Anayetaka mwisho arudi kesho. Sasa barua imetoka, awe afisa wa Kiingereza hapa Garissa, aripoti Jumatatu au nafasi apewe mwingine. Fosia ndiye aliyemlea, na amekwisha kupaka rangi chumba chake.

– Weka tena, Bara, Fosia akasema.

Nikaweka. Kwanza upepo, halafu sauti ya Guleid: "Bara, mwambie Fosia sirudi. Niko na wafu hapa. Jioni tunakaa, nawasomea hadithi... wameanza kujibu." Nyuma yake, mbali, zikasikika sauti nyingi kwa pamoja: "Sheeko xariir." Ndivyo wasikilizaji wa huku wanavyoitikia msimuliaji anapofungua hadithi.

– Simu yake je? Wakili akauliza.

– Haipatikani tangu jana, nikamjibu.

Kilomita akakuna ndevu zake zenye hina.

– Hao ni wanafunzi wazito tu. Mwalimu akichoka anasema darasa limekufa. Wafu wa Kingereza.

– Wabi! Wakili akaruka. Mwanafunzi mzito hajibu. Hawa wanajibu! Ile shule mimi najua. Nyuma yake iko makaburi ya zamani sana. Watu walikufa bila kuona chaki hata moja. Sasa wanasikia mtu juu anasoma bure. Wewe ungelala?

– Lakini Kingereza cha nini kaburini, war, bwana? Kilomita akauliza.

– Haba na haba hujaza kibaba! Leo ukurasa, kesho ukurasa.

– Astaghfirullah, Fosia akasema.

Ningekuwa na akili ningebadilisha mazungumzo hapo. Sikuwa nayo. Nilitaka kusikia.

– Mimi sikutaka kusema, Kilomita akasema taratibu, lakini nilibita huko na lori, kilomita nane kabla ya ile shule. Saa tisa, jua kali. Watoto kama kumi wamekaa kwenye mchanga, wametazama mbele, na mbele hakuna mtu. Nikasimamisha, nikauliza kama maji iko karibu. Mmoja akanijibu kwa Kingereza safi: bado hatujafika mwisho.

– Walikuwa na vivuli? nikauliza.

– Bara, mimi nilikanyaga mafuta. Sikukagua fifuli.

– Umeona! Wakili akainua kidole. Wanarudi kwa sababu mwisho hajawasomea. Sasa siku akifika ukurasa wa mwisho, hao watataka kwenda zao. Na msomaji wao watamwacha nyuma? Wewe ukibata msomaji mzuri hifyo utamwacha?

Fosia aliweka themosi chini kwa kishindo.

– Adeer Gelle, mzee wangu, huyo ni ndugu yangu. Nilimnyoa kichwa, nilimvalisha yunifomu ya kwanza. Miaka kumi na moja nangoja arudi karibu. Usimzike kwenye benchi langu.

Wakili akatazama viatu vyake. Niliona haya, maana simu ilikuwa yangu na uchokozi ulikuwa wetu sote. Ndipo nikakumbuka jambo.

– Wakili, ule mchezo wa mpira, wanaupiga kwa mikono upite juu ya ile kitu imefumwa kwa kamba. Unaitwaje?

– Mbira wa wafu.

– Sema tena.

– Mbira wa wafu! Si ndio jina yake?

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Miaka ishirini nakaa na wazee ambao p yao ni b na v yao ni f, na bado nilikuwa nimekaa hapo nikitetemeka! Guleid mwenyewe Kiingereza alikinyoosha, lakini katika Kiswahili v haikumkubali hata siku moja.

– Wavu! Fosia akapiga makofi. Ule wavu niliomtumia! Aliniomba mwenyewe, nikanunua, nikaushona kwenye gunia, nikaupeleka ofisi ya magari. Wiki mbili sasa! Jioni watoto wanacheza, wakichoka anawasomea.

– Wallahi mimi nilijua tangu mwanzo, Wakili akasema. Mficha uchi hazai.

Hakuna aliyemuuliza uchi umeingiaje. Fosia alitumiminia sote duru moja ya bure, uso umemfunguka. Akasema network ikirudi atamwambia Guleid awaachie watoto wavu na kitabu, yeye apande gari, Jumatatu akae kwenye kiti cha ofisi kama watu wengine waliosoma.

Ndipo akafika Osob, binti wa ofisi ya magari, gunia begani.

– Asalaam aleikum. Eddo Fosia, shangazi, samahani sana, wallahi. Mzigo wako wa Lafey ulisahaulika kwenye stoo. Haukupanda gari hata moja. Wiki mbili uko kwetu.

Akaliweka chini. Lilikuwa bado limeshonwa kwa uzi wa bluu wa Fosia, na kwenye tundu dogo ubavuni ilichungulia kona ya wavu mweupe.

Osob akatutazama mmoja mmoja.

– Mbona mnalitazama hivyo? Kwani huko Mwalimu hana wavu mwingine?

Kilomita alimtazama Wakili. Wakili alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Fosia alitikisa themosi ya kwanza, kisha ya pili. Zote zilikuwa tupu.

– Weka tena, Bara.

Niliweka. Safari hii sikumsikiliza Guleid, niliwasikiliza wanaoitikia. Zilikuwa sauti nzito, za watu wazima, na hakukuwa na mtoto hata mmoja kati yao. Nilimtazama Fosia nikajua naye amesikia.

– Osob, gari la kupita Lafey linaondoka lini?

– Kesho, baada ya swala ya alfajiri.

– Niandikie kiti kimoja.

Alilipakata lile gunia, akalifuta vumbi kwa upindo wa baibui.

– Na wewe Bara, mtumie ujumbe sasa hivi. Mwambie hiyo hadithi asiimalize mpaka nifike.